Suruali ya Mikono ya Shati

Asubuhi ile nilitoka Mutakura, kaskazini mwa Bujumbura, bila kujua tunakwenda wapi. Mwanangu alikuwa mabegani kwangu, mguu mmoja huku na mwingine huku, amekamata nywele zangu kwa mikono miwili. Nilishika mfuko wenye sufuria, blanketi na nguo zake. Nguo zangu nilikuwa nimezivaa zote, koti likiwa juu.

Mwenye nyumba hakutufukuza. Ndugu zake walikuwa wameshuka kutoka milimani wakikimbia risasi, wanawake na watoto, wakajaa hadi jikoni. Alikuja mlangoni kwangu akaanza kuzungumzia mvua. Nikamwambia asihangaike, nimeelewa. Mke wangu alikuwa Rumonge, alikokwenda kumwuguza mama yake, na tangu aende barabara ya kusini ilikuwa haitabiriki: leo magari yanapita, kesho hayapiti. Nilimwomba mwenye nyumba, mama wa mtoto akitokea, amwambie tumeelekea kusini. Nilisema kusini kwa kuwa ndiko alikokuwa yeye. Zaidi ya hapo sikuwa na mpango wowote. Nilichotaka ni chumba ambamo mtoto angelala kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje.

Mtoto alikuwa na miaka miwili hivi, na siku hiyo alikuwa amevaa vizuri kuliko watu wote wa mtaa. Suruali ya rangi ya maji yenye mistari myembamba myekundu, imebana kwenye vifundo vya miguu kwa vifungo. Kizibao cheusi cha kung'aa, na kofia yake. Viatu vya ngozi vilivyokuwa vimefutwa kwa maganda ya ndizi. Nguo zote hizo zilitoka kwenye chaguwa, yaani mitumba, tena chini kabisa ya rundo.

Niliacha shule darasa la tano. Karo ilikuwa tatizo, lakini tatizo kubwa lilikuwa mimi mwenyewe. Nilikuwa na ugonjwa wa kusimama njiani kutazama. Nilisimama kwa mafundi wa magari, kwa wachonga mihuri, kwa watu wanaochimba choo, na nilipofika shuleni wenzangu walikuwa wanatoka. Baadaye nilifanya kazi nyingi, hakuna iliyonishika. Mojawapo ilikuwa kubeba mabalo, marobota ya nguo, sokoni, na hapo ndipo nilipojifunza chaguwa.

Balo likifunguliwa, wanaotangulia ni wafanyabiashara na wake za wakubwa. Wanachukua nguo nzima, nguo zenye jina. Jioni yanabaki mambo ya ajabu: makoti ya kuvaliwa kwenye theluji, shati lililotoboka kiwiko, gauni la harusi lenye doa. Watu wanayapita wakicheka. Mimi niliyageuza ndani. Koti zito la sufu, nani atalivaa Bujumbura? Lakini ndani yake kuna bitana, nyepesi, laini, inang'aa, na haijaona jua tangu ishonwe. Bitana ya koti moja inatoa kizibao cha mtoto, na kofia pia ukijua kukata. Sufu inayobaki unaikunja, inakuwa godoro la mtoto. Shati la mwanamume likichakaa, huchakaa kola na mgongo. Mkono wake kwenye kiganja, pale penye kifungo, unabaki mgumu kama mpya. Ukiukata begani ukaugeuza, una mguu wa suruali ya mtoto: kiganja kinakuwa kifundo, kifungo kiko tayari, na pale bega lilipokuwa pana panakuwa matako. Mikono miwili, suruali moja. Mtoto akirefuka unafungua tu kifungo.

Ile ya mistari myekundu ilitoka kwenye shati langu mwenyewe. Mke wangu ndiye aliyelichagua kwenye rundo mwaka tuliokutana, na ndilo lililokuwa shati langu la kanisani. Alipokwenda Rumonge mtoto alikuwa na kaptula mbili, na kwa muda mfupi zote zikambana. Nikalitazama shati, nikamtazama mtoto, nikalikata mikono, nikalipeleka kwa fundi mtaa wa Buyenzi.

Ningeweza kumvalisha chochote, kweli. Lakini miaka ile watu walikusoma kwa macho kabla hujafungua mdomo. Mtu mwenye mtoto aliyevaa matambara alikuwa mkimbizi, na mkimbizi alifungiwa milango asubuhi asije akaomba mchana. Mtoto aliyevaa vizuri alikuwa na watu wake. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Tena nilipenda tu kumwona akipendeza. Hilo nalo ni kweli.

Tulifika Buyenzi jua likiwa limepanda. Fundi wangu alikuwa barazani na cherehani yake, mzee mwenye kanzu na miwani iliyofungwa kwa uzi. Barabarani mafundi wa magari walikuwa wamelala chini ya lori, miguu tu inaonekana.

"Salaam alaykum, muzee."

"Alaykum salaam. Ona, waziri amefika na mubeba mizigo wake."

"Ni mimi niko mubeba mizigo?"

"Jiangalie basi. Mutoto kama anaenda arusi, we kama kitambaa ya kupanguza mafuta ya gari."

Akamshusha mtoto, akamkalisha juu ya meza, akakagua mshono wa suruali. Kifungo kimoja kilikuwa kinalegea. Akakikaza kwa uzi wa kahawia, kwa maana uzi wa rangi ya maji ulikuwa umemwishia tangu siku ile alipoishona, na hakupata mwingine. Hata mabega ya shati langu, pale nilipokata mikono, alikuwa amekunja pindo kwa uzi uleule.

Nilimwuliza habari ya chumba. Akanyoosha mkono kuelekea ndani. Mlango ulikuwa wazi, na nikaona mikeka imetandikwa ukumbi mzima, na watu wameketi juu yake.

"Wametoka Kamenge, wametoka Cibitoke, wametoka kila fasi," alisema. "Buyenzi haiulize mutu ametoka wapi. Lakini fasi imeisha, mwanangu. Mi mwenyewe nalala na cherehani."

Tulikunywa chai. Mtoto akapewa andazi, akalila lote bila kudondosha chochote kwenye kizibao, jambo lililomfurahisha fundi kuliko kitu kingine. Nikaaga, nikashika njia ya kusini.

Kwenye daraja kulikuwa na kizuizi. Askari alikuwa kijana, ameketi kwenye kreti ya bia. Watu walikuwa kwenye mstari, wanafunguliwa mizigo, wengine wamekaa chini pembeni. Nilipofika mbele yake hakuniangalia mimi. Alimwangalia mtoto.

"We, boyi. Mutoto ya patroni unamupeleka wapi?"

Nikanyoosha kidole mbele, kulikokuwa na mtaa wa matajiri. "Kibenga."

"Na jua hii? Patroni wako atakupiga. Pita mbio."

Nikapita. Hakufungua hata mfuko. Nilitembea mwendo mrefu kabla sijaelewa vizuri kilichotokea: ameona nguo za mtoto, ameona zangu, akajumlisha, akapata jibu lake. Boyi, mtumishi wa nyumbani, na mtoto wa tajiri. Nilicheka peke yangu. Mtoto naye akacheka kule juu, bila kujua sababu.

Kibenga sikucheka. Nilijaribu mageti matatu au manne, nikiuliza kama wana chumba cha uani ambacho mtu angeweza kukaa akilima bustani au akichota maji. Kwenye geti la mwisho mlinzi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na mutoto?"

"Nakaa naye."

"Mama yake anajua?"

"Mama yake iko Rumonge."

"Rumonge." Akamtazama mtoto viatu hadi kofia. "Ngoja hapa kidogo. Naenda kuita patroni. Usiende mbali, unasikia?"

Aliingia. Nilijua tajiri akitoka ataita wengine, na wengine wataita askari, na mimi sikuwa na karatasi hata moja inayosema huyu ni mwanangu. Karatasi zilikuwa na mama yake. Nikaondoka kwa hatua ndefu, na nilipokata kona nikakimbia. Mtoto alifikiri ni mchezo.

Basi ile hila yangu ya kufungua milango ndiyo iliyokuwa ikiifunga. Nilifikiria kumvua, kumvalisha kaptula ya zamani yenye tundu. Nikasimama kabisa kando ya njia, nikafungua mfuko. Lakini akipatikana mtu aliyetuona mwanzo, atasema nini: mtoto wa tajiri sasa amevuliwa nguo? Hiyo ingekuwa mbaya zaidi. Nikafunga mfuko, tukaendelea.

Tulifika Ruziba jua likielekea kulala ziwani. Kulikuwa na upepo, na harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa, ilitufikia kabla ya nyumba. Mama mmoja wa makamo alikuwa anaokota ndagala zilizokauka, anazitia kwenye kikapu, na jirani yake ameketi kwenye kigoda akichambua maharage. Nyuma ya nyumba niliona kibanda chenye mlango, na mlangoni hakuna njia ya miguu, majani yameota. Kibanda kisichotumika.

"Amahoro, mama."

"Amahoro." Hakuacha kuokota. Kisha akainua macho. "Mutoto ni ya nani?"

"Wa kwangu. Tunatafuta fasi ya kulala. Nitafanya kazi."

"Wa kwako namna gani?"

"Labda mama yake ndio muzuri," alisema jirani, na maharage yakaruka kwa kucheka.

Mama hakucheka. Alijipangusa mikono kwa kitenge. "Sikia. Ile nguo ni ya mutoto wa kule." Akaonyesha Kibenga kwa kidevu. "Na we uko boyi. Kama wakubwa wake wamekufa na umemukimbiza, sema tu, hiyo si zambi. Kama umemuiba, hiyo ni zambi. Lakini yote mbili, mi siwezi. Watu watakuja kumutafuta, na watakuja na bunduki."

"Ananiita papa, mama. Sikiliza." Nikamshusha mtoto. "Mimi ni nani?"

"Papa," alisema mtoto.

"Mutoto atamuita papa yeyote mwenye kumulisha," alisema mama. "Hata wa kwangu wajukuu waliita mbwa papa."

Njiani watu walikuwa wanakaza mwendo, wenye baiskeli wanakanyaga bila kusalimiana, na ile ilikuwa dalili kwamba saa imekaribia. Upepo wa ziwa ulizidi. Mtoto alianza kukunja mabega, kizibao cha bitana hakizuii baridi. Nikavua koti langu nimfunike, nikamnyanyua, nikageuka tuondoke. Nilikuwa nimeona mtumbwi uliopinduliwa kando ya maji, na nilifikiri labda chini yake.

"Simama," alisema yule mama.

Nikasimama. Alikuja hadi karibu. Chini ya koti nilikuwa na lile shati, au mabaki yake: kola, kifua, mgongo wenye kiraka, mabega yasiyo na mikono. Alikamata pindo la bega langu kati ya vidole viwili, kama mtu anayepima kitambaa dukani. Kisha akakamata suruali ya mtoto. Akavuta bega langu kuelekea kwa mtoto, hata nikalazimika kuinama, akalinganisha mistari myekundu, mmoja mmoja.

"Uzi ni moja," alisema. "Kahawia na kahawia."

Jirani naye akasimama, maharage mkononi. "Ni mikono ya shati, hii? Na vifungo viko miguuni? Mi nilizani ni mode ya Ulaya."

"Nani alikata?" mama aliniuliza.

"Mi nilikata. Fundi wa Buyenzi akashona."

"Boyi hawezi kukata shati yake kwa mutoto ya patroni," alimwambia jirani, si mimi. "Atakata ya patroni."

Akamwangalia mtoto aliyekuwa ameshaanza kusinzia ndani ya koti. Kisha akaokota kikapu chake.

"Ile nyumba ya nyuma ilikuwa ya kijana wangu. Aliweka nyavu. Inanuka, lakini haivuje. Utabeba maji asubuhi, kuni utatafuta. Na kisha jua kuzama sitaki kukuona inje, hata kama mutoto analia."

"Asante, mama."

"Na kizibao? Ni ya shati pia?"

"Ni bitana ya koti."

"Kesho utanionyesha," alisema, na akaingia ndani.

Nilizing'oa zile nyasi kwa mguu ili mlango ufunguke. Ndani kulikuwa na nyavu kuukuu zimeviringishwa pembeni, magamba yamekauka ukutani, na dirisha dogo lisilo na kioo. Nilitandika blanketi juu ya nyavu, zikawa godoro zuri kuliko lile la sufu nililoliacha Mutakura. Mtoto alilala kabla sijamvua viatu.

Suruali ilikuwa na vumbi la jiji zima na makombo ya andazi kwenye mapindo. Nikaifua kwenye sufuria palepale, kabla jua halijazama. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kamba, lakini sikuitumia. Ua wa mbele uliangalia barabara ya Rumonge, ile ambayo kila gari la kusini lilipaswa kupita, siku likipita. Nikaianika juu ya ua, nikafunga vifungo vya vifundo kwenye fito ili upepo usiichukue, nikahakikisha ile mistari myekundu aliyoichagua mke wangu inaonekana kutoka njiani. Kisha nikaingia, nikafunga mlango.