Makopo Niliyompelekea Mama Mkwe

Kosa ni langu. Shetani simsingizii, maana hakuwepo. Nilikuwepo mimi na uvivu wangu.

Nilikuwa mfagiaji wa wodi katika hospitali ndogo huku Iringa, mwaka ule mafua makali yalipoingia yakalaza watu nyumba kwa nyumba. Kila mgonjwa alipewa kopo la maziwa la kutemea makohozi, na chini yake dresa, msaidizi wa daktari, aliandika namba ya kitanda kwa rangi nyekundu. Mgonjwa akitoka, kazi yangu ni kulitoboa kopo, kulimwagia chokaa na kulifukia kwenye shimo refu.

Shimo refu! Mnaijua ardhi ya huku? Mawe matupu! Jembe linaruka, mgongo unalia.

Wakati huo nilikuwa nimemposa Agata kwa mama yake, Mama Agata, mwenye kilabu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, naye jibu hatoi. Mara Bwana Afya akapita, akapiga marufuku kupokezana kikombe. Kila mnywaji na chake, la sivyo kilabu kinafungwa. Mama Agata akashika kichwa. Vikombe ishirini angevitoa wapi?

Nami nikajitia mkwe mwema. Nikayasuuza makopo mtoni, suuza ya kupitisha tu, nikampelekea gunia zima.

"Mwee! Mapya haya?"

"Mapya, mama. Tena yana namba, kila mtu ajue lake."

Alifurahi jamani! Akajichagulia namba saba. Bwana Afya aliporudi akamsifu mbele ya watu. Na mimi? Nilikuwa nakunywa kwa kibuyu changu kutoka nyumbani, nasema bati linanichefua. Nawatazama wazee wazima wanamaliza mpaka tone la mwisho, nimenyamaza! Hilo ndilo linanichoma hadi leo.

Wiki mbili hazijaisha, Mama Agata akaletwa wodini amebebwa, anatetemeka kwa homa. Nimemuua mama wa watu! Nikasali kila sala niliyofundishwa, na nyingine nikatunga.

Siku ya tatu akapata nafuu, akaligeuza kopo lake.

"Dresa, mwanangu, mmenipa nne. Mimi ni saba."

"Saba ipi, mama?"

"Ya ulanzi. Aliyoniletea mkwe wangu huyu hapa."

Mama akageuka kukitazama kitanda cha saba. Babu mmoja alikuwa anatema, taratibu, kwenye kopo lake.

"Aka!"

Kazi iliota mbawa siku hiyohiyo. Lakini kwanza dresa alinitembeza nyumba kwa nyumba kukusanya makopo, na kila mlango niseme kwa kinywa changu yalikuwa ya nini. Mlango wa kwanza nikanong'ona.

"Sema kwa sauti!" akafoka.

Mzee mmoja alinikimbiza na mchi. Na shimo nikalichimba, mawe yote, peke yangu.

Agata nilimpata, baada ya misimu miwili ya kupiga magoti. Ila kopo namba saba mama yake alilificha. Kila nikienda ukweni, wenzangu wanapewa bilauri, mimi naletewa lile.

"Kunywa, mwanangu," ananiambia. "Mimi nimelichemsha."

Nafumba macho, nakunywa.

Ndugu zangu mnaofanya kazi wodini, mkiambiwa fukieni, fukieni! Mawe ya Iringa yanaisha. Ulanzi wa ukweni hauishi.