Wali wa Maziwa Usioonjwa

Mama yangu alikataa mara mbili kwenda Mbeya kufanyiwa upasuaji wa macho. Sababu ilikuwa sanamu ya shaba ndogo kuliko kiganja changu: Mungu Krishna akiwa mtoto wa kutambaa, mkono mmoja umeshika donge la siagi. Kila asubuhi, nyuma ya duka letu la mablanketi hapa Vwawa, mama humwogesha, humvika na kumlisha kabla sisi wengine hatujagusa chakula. Mwezi wa sita, baridi ya Mbozi inapokaza, humvika sweta alilolifuma mwenyewe.

"Nikienda, nimwache na nani?" aliuliza.

Niliudhika, na sioni haya kusema hivyo. Mama alikuwa hatofautishi tena blanketi la kijivu na la bluu, halafu ananiuliza swali kama hilo mimi niliyesoma. Wahenga wetu wa Kihindu walituachia njia zaidi ya moja ya kumfikia Mungu. Mama anafuata bhakti, njia ya mapenzi, anamtunza Mungu kama mtoto wa nyumbani. Mimi nilishika njia ya maarifa: kuhoji, kuchambua, kukataa kila umbo mpaka abaki Yeye asiye na umbo. Nilikuwa hodari wa maneno. Hata jirani yetu muuza maziwa, mama wa Kinyiha na mzee wa kanisa, nilimchosha kibarazani kwake kwa hoja zangu.

"Mungu hana mdomo, Mama," nilisema. "Hali chakula."

"Ndiyo maana siwezi kukuachia Mtoto," alijibu, akaendelea kukunja blanketi.

Daktari alipoonya kwamba jicho la kushoto likicheleweshwa litapotea kabisa, niliahidi kumlisha Mtoto. Mama alikubali kwa sharti moja: asubuhi ya upasuaji lazima asikie kutoka kwangu kwamba Mtoto amekula. Bila hivyo haingii chumba cha upasuaji. Nilijua hatanii.

Siku hiyo, mama akiwa Mbeya, nilioga, nikapika wali wa maziwa wenye iliki. Ulipoiva nilichota kidogo kwa kijiko nikaonja sukari. Mkono ulijiendea wenyewe, mazoea ya jikoni. Nikabaki nimesimama na kijiko mdomoni. Chakula cha kumtolea Mungu hakionjwi. Anayepika hukisia, na wa kwanza kula ni Yeye. Kilichoonjwa ni mabaki.

Sasa hapo ndipo falsafa ilipopaswa kunisaidia. Hakuna aliyeniona. Asiye na umbo hana ulimi wa kujua nani ametangulia kula. Hoja zote zilikuwa upande wangu, nami nazijua kuliko mtu yeyote mjini hapa. Nikabeba bakuli hadi mbele ya sanamu. Mtoto alikuwa ndani ya sweta lake, vifungo nimevikosea. Nikashindwa. Nililirudisha bakuli jikoni nikiwa na aibu ya kweli, nikachukua sufuria tupu na kuvuka barabara kwa muuza maziwa, nikamweleza kilichotokea.

"Si ulisema Mungu hali?" jirani aliuliza.

"Nipimie tu, mama."

"Nakupimia. Hata sisi kanisani hatutoi mabaki kuwa malimbuko."

Simu iliita maziwa yakiwa hayajachemka.

"Amekula?" mama aliuliza. Nyuma yake nilisikia muuguzi akimwita.

Ningeweza kusema ndiyo. Jicho lake lilikuwa linasubiri neno hilo moja.

"Bado, Mama. Nilionja. Napika upya."

"Kuna aliyekuona?"

"Hakuna."

"Sasa kwa nini hukumpa?"

"Sikuweza kumpa mabaki yangu."

Nikamsikia akimwambia muuguzi kwamba yuko tayari.

"Lakini bado hajala, Mama."

"Atakula," alisema. "Yuko na mtu wake." Akakata simu.

Sukari ya wali ule wa pili niliikisia. Nikamwekea, nikafumba macho, nikangoja kama mama anavyongoja, muda wa mtoto kula akashiba. Kisha nikala sehemu yangu. Ulikuwa mtamu kupita kiasi, na niliumaliza wote.

Mama alirudi baada ya wiki moja. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya duka, akainama mbele ya sanamu, na kwa jicho lile la kushoto akaona vifungo vilivyokaa kombo. Akavifungua, akavifunga upya kimoja kimoja, kisha akaniambia kesho asubuhi nipike mimi.