Doa Jekundu Chini ya Kikombe cha Angani

Nakiri: ile rangi ya kucha niliipaka mimi. Kwa miaka mingi, kila mkusanyaji aliyekipindua kikombe changu akaliona doa jekundu kwenye kitako, nilimwambia nilikinunua hivyo hivyo.

Kilikuwa kikombe cha kahawa kutoka katika meli ya angani, yale maputo marefu yenye injini yaliyowavusha matajiri bahari kabla ndege hazijaweza. Kidogo, cheupe, na mstari wa buluu na dhahabu mdomoni. Wenzangu katika mapenzi haya ya kukusanya ni wastaafu wa Kiingereza wanaovaa glavu kushika orodha ya vyakula vya safari hizo. Ningewaambiaje kwamba kabla ya maulidi fulani nilipanga vyombo vyangu vya kuazimisha mezani nivitie alama, kama tufanyavyo Wazanzibari ili visipotee kwa wenye shughuli, na mkono ukaenda wenyewe mpaka kwenye kikombe cha thamani? Mwanamke mwenye digrii mbili.

Mwaka jana mafundi walikuja kubomoa bafu langu, nikakihamishia kikombe Thamesmead, pembeni mwa London, kwa shoga yangu tuliyejuana miaka ishirini. Nilipokifuata, alinipokea analia.

"Kimevunjika, shoga. Paka."

"Na vipande viko wapi?"

"Nimetupa! Niviweke niwe navitazama naumia?"

Nikamkumbatia. Nikamchemshia chai ndani ya nyumba yake mwenyewe. Wiki ya pili nikampelekea visheti vya kumpoza.

Mwezi uliopita, ndani ya basi, nilifungua katalogi ya mnada nikakiona kikombe kizima, hakina hata ufa. Maelezo yalisema kitako kina doa jekundu, huenda ni alama ya mhudumu wa chomboni. Nilicheka mpaka abiria wa mbele akageuka, kisha nikabonyeza kengele nishuke.

Niliteremka nikiwa tayari na utetezi wake. Labda mwanawe alikiiba, akamsingizia paka. Labda kuna mwanamke mwingine London mwenye kikombe kama changu na rangi kama yangu. Ningeweza kumpigia nikamuuliza, lakini niliogopa jibu. Badala yake niliwaandikia wenye mnada: kikombe ni changu, doa ni langu, na hii hapa picha yake juu ya meza yangu. Sikumtaja mtu yeyote, wala Thamesmead. Nilimwomba Mungu muuzaji atokee kuwa mtu nisiyemjua kabisa.

Jumanne, nikiwa Peckham nachagua ndizi, simu ikalia. Alikuwa yeye.

"Mwanamke we!" akaanza, hata salamu hakuna. "Mimi wa kuniandika kwa Wazungu kwamba mwizi? Miaka yote hii tunakula sahani moja?"

Nikairudisha ndizi mahali pake.

"Wazungu gani, shoga?"

Nikamsikia anavuta pumzi. Halafu akakata simu.