Bei ya Baada ya Kura

Aliyeninyang'anya shamba hakutoka mbali. Alikuwa shemeji yangu, ndugu wa marehemu mume wangu, tumbo moja na ziwa moja. Matanga hayajaisha, akauza shamba letu la Kimilili huku mimi niko jikoni nachemshia waombolezaji chai. Hakuna aliyeniuliza. Naandika wazi ijulikane: ni yeye, na wale wazee wawili waliomwekea sahihi wakanywa soda yake.

Nikahamia Kitale na watoto, nikauza mitumba sokoni, nikakaa chumba cha kupanga miaka tisa. Shule niliachia darasa la nne, lakini kuweka akiba hakuhitaji mwalimu. Kufikia mwaka wa elfu mbili na saba nilikuwa na pesa ya ploti. Moja tu. Nikikosea, sitapata nyingine nikiwa bado na meno.

Dada zangu wa Bungoma walisema, "Rudi ununue huku, kwa watu wako." Niliwajibu kwamba watu wangu nimeshawaona. Hata hivyo nilienda kuangalia. Ploti za karibu na mji zilikuwa zimepanda mpaka mwenyewe anakuongelesha akiangalia pembeni. Kitale ndiko bei ilikuwa imeanza kupoa. Uchaguzi ulikuwa unakaribia na wenye woga walikuwa wanauza.

Nilipata broka, kijana mrefu aliyepima ardhi kwa miguu. Akikuuzia, anapiga hatua fupi fupi kama bibi harusi, ili ploti ionekane kubwa. Alinionyesha moja pembeni mwa mji wa Kitale, udongo mwekundu, maji karibu. Moyo wangu ukakaa hapo hapo. Mwenyewe alikuwa mzee mmoja wa kabila letu anayekaa Ndalu, tukamfuata kwake.

Tuliongea Kiswahili kwa sababu broka hakuwa mtu wa kwetu. Sijamaliza salamu vizuri, nikauliza bei. Mzee akakohoa.

"Mayi, mama yangu, haraka ya nini? Bei tutaongea baada ya kura."

Nikashukuru, nikasimama, nikaenda zangu. Mke wa mzee aliita kitu kutoka jikoni, nikampungia mkono. Broka alinikimbilia barabarani akipiga makofi.

"Mama, wewe ni moto! Umejuaje kungoja? Baada ya kura zitashuka, bana!"

Basi nikangoja. Kura zikapigwa. Yaliyofuata kila mtu anayajua, siyarudii. Nilijifungia ndani na wanangu siku nyingi, na niliporudi sokoni marobota yangu yalikuwa yameshachukuliwa na jirani wa meza. Namjua, na anajua namjua.

Nchi ilipotulia, ploti za Kitale hazikuwa na mnunuzi. Kila mtu anakimbilia kwao, bei za Bungoma ndizo zinapanda. Dada zangu waliniambia nimerogwa. Lakini mimi mahali nilipoibiwa ndiko wananiita nikanunue, na mahali nilipolea watoto ndiko wananiambia nikimbie. Nikamchukua broka, tukarudi Ndalu.

Mke wa mzee alitukuta mlangoni, mikono kiunoni.

"Ndiye huyu! Aliyemtoroka kuku wangu!"

"Kuku gani?"

"Si yule alikuwa kwa sufuria siku ile? Mzee anakwambia mkule kwanza, wewe mbio! Nikasema huyu mama ana maringo gani?"

"Nilimwambia baada ya kura," mzee akajitetea, huku anapeleka vidole mdomoni kama mtu anayekula. "Kura! Kura!"

Broka alikaa chini akacheka mpaka akatoa machozi. Mimi ningemcheka nani? Hata mimi nikiita lori inatoka loli. Kwetu l na r ni mapacha, unatuma moja inafika nyingine.

Safari hii nilikula kwanza. Tulipomaliza kunawa, mzee akataja nusu ya bei ambayo broka alikuwa akiniambia zamani. Broka akanifinya. "Mkamue, mama. Hana mteja mwingine."

Nikamsukuma mkono. "Bei nimekubali," nikamwambia mzee. "Lakini mama wa boma aje hapa aseme kwa mdomo wake kwamba anauza."

Mzee akakunja uso. "Ploti ni yangu. Yeye anahusika nini?"

"Bila yeye sinunui. Nabeba pesa yangu narudi."

Nilishika mkoba, nikasimama, ingawa ile ploti niliitaka kuliko chakula. Mama akatoka jikoni anajifuta mikono, akavuta kiti, akakaa kama sisi.

"Kweli unataka niseme?"

"Sema, mayi."

"Basi nakubali tuuze. Lakini si kwa bei hiyo. Huyu anauza kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Ongeza mabati ya jiko langu."

Mzee ndiye alianza kucheka. Broka alishika kichwa: "Mama, umejiroga mwenyewe!"

Niliongeza mabati. Siku ya karatasi, mbele ya chifu, niliangalia kidole gumba cha yule mama kikikandamizwa pale chini, kikaacha alama nzuri, ya bluu. Mwaka uliofuata nilihamia na wanangu, na mpaka leo hakuna aliyebisha mlango akisema hapa ni pake.

Broka alidai komisheni yake iongezwe, ati bei ilipanda. Huyo naye nimemwandika.