Siku Mbuvi Alipompima Ngendo

Mwalimu Mbuvi hakuwa mtu wa kubahatisha. Tangu ahamishiwe kwetu Gakindu kutoka Ukambani, sisi walimu wenzake tulimtania kwamba hata chai huinywa kwa ratiba. Alipopewa kazi ya kuwapima wanariadha wa shule za hapa, alihangaika wiki nzima akipima uwanja kwa kamba na kufukuza ng'ombe wa watu.

Kambi ya mazoezi ya riadha huko Nyeri ilitaka mrukaji mmoja tu. Sote tulijua ni Ngendo, binti wa mkulima wa kahawa, aliyeruka mbali kuliko wavulana.

Mbuvi aliogopa mvua ya mchana. Uwanja wetu ukilowa haufai kwa mbio, ila mchanga wa kurukia huvumilia. Basi akaamua watoto wakimbie kwanza mpaka waishiwe pumzi, ndipo waruke.

"Mwalimu, si mimi niruke kwanza?" Ngendo alimwomba. "Nikikimbia hiyo yote, miguu itaisha."

"Nikikubadilishia wewe, wengine watasema nini? Mpango ni mmoja."

Ngendo akakimbia. Alipofika mchangani miguu ilikuwa imeisha, akaruka vibaya kuliko siku yoyote niliyowahi kumwona. Nafasi ikaenda kwa Watiri wa shule jirani. Na hiyo mvua, hata tone halikuanguka! Niliudhika, lakini nikasaidia kukunja kamba kama walimu wengine.

Mwaka uliofuata Mbuvi alienda mafunzo ya makocha. Huko, somo la kwanza kabisa lilikuwa hilo: kuruka hupimwa miguu ikiwa bado haijachoka, mbio za kuchosha huja mwisho. Aliporudi alinisimulia hayo yote. Chakula cha staffroom kilimshinda.

Jumamosi hiyo alinichukua twende kwa kina Ngendo. Alikuwa amemaliza shule, akichuma kahawa ya jirani.

"Ngendo, nilikosea," Mbuvi akasema, kofia mkononi. "Wewe hukushindwa. Nilikuchosha kwanza, ndipo nikakupima. Kuna kambi nyingine mwezi ujao. Nakuomba uje."

Ngendo akatabasamu kwa heshima.

"Asante, mwalimu, lakini wacha kunipea moyo. Mimi nilikuwa nadhani niko na miguu. Si ni wewe ulinipima ukaona sina?"

Mbuvi akaeleza tena, polepole, karibu alie. Ngendo aliitikia kila neno, "ndio, mwalimu," kisha akauliza kama tutakunywa uji kabla hatujaondoka.