Koki za Siku ya Ufunguzi

Mpango ulihesabu koki, maji haukuyahesabu. Ndiyo maana mtaa mpya, ule uliojengwa nje ya mji kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda, ulikuwa na koki inayong'aa katika kila jiko na hakuna hata moja iliyowahi kudondosha tone.

Aliyezifunga ni fundi bomba mmoja mpole, ambaye wenzake walimwita Spana. Siku ya ufunguzi ilikuwa imekaribia na mabomba ya kuleta maji hayakuwa yamefika. Injinia akamwambia azichomeke hivyo hivyo kwenye vipande vya mbao ukutani, kisha apige plasta.

"Viongozi wanakuja kuona nyumba, hawaji kuoga," alisema. "Funika kombe, mwanaharamu apite."

Wakacheka wote wawili. Mkubwa akicheka, wewe utanuna? Viongozi wakaja, wakakata utepe, wakapigiwa makofi. Spana naye akapewa nyumba, chumba na sebule, na kwa furaha akaenda kumchukua mama yake.

Mama aliacha nyumba yake yenye kisima uani, kwa kuwa mwanawe alimwambia huko kuna maji jikoni. Spana alidhani mabomba yangefika mwezi ule ule, maskini. Miaka ikapita. Kila asubuhi mama alifungua koki, akasikiliza, akaifunga, kisha akateremka kwenye kisima cha bondeni na ndoo yake na magoti yake mabovu.

"Yatakuja tu, baba," alimwambia, kana kwamba Spana ndiye wa kubembelezwa. Spana aliona haya hata kunywa maji mbele yake.

Hatimaye akaja afisa mipango. Watu wakakusanyika shuleni, wakajaa hadi madirishani. Mabomba yamepatikana, alisema, lakini yanatosha mtaa mmoja tu.

"Kwenye makaratasi yangu, mtaa huu umekamilika. Kama mabomba yamelazwa, tatizo lenu ni presha, mtasubiri. Kama hayakulazwa, semeni sasa hivi, niyalete hapa."

Dereva wa lori la kiwanda akasimama. "Mimi nashuku nyuma ya zile koki hamna kitu."

Neno moja tu la Spana lingetosha. Lakini injinia, aliyekaa safu ya mbele, aligeuka akamtazama, na nyumba ile ilikuwa ya kazi: ukifukuzwa, unarudisha ufunguo. Kabla hajafumbua kinywa, mama yake alikwisha simama.

"Dereva, nakuheshimu sana, lakini koki zile kazifunga mwanangu. Huyu nimemzaa mimi, namjua. Hawezi kuwafungia watu koki za uongo."

Watu wote wakamgeukia Spana.

"Ni kweli, fundi?" afisa akauliza.

"Mabomba yamelazwa," Spana akasema.

Dereva akamwomba mama radhi mbele ya watu. Afisa akafunga mkoba wake, na mabomba yakaenda mtaa mwingine.

Kesho yake Spana alibeba ndoo mbili, akamfuata mama yake bondeni. Foleni kisimani ilikuwa ndefu. Dereva ndiye aliyewaona kwanza. Akasogea pembeni, na wengine wakasogea.

"Mama Fundi, pita mbele," wakamwambia.

Mama akapita, kichwa juu, akamshika mwanawe mkono ili naye apite.