Binti Yangu Alipiga Magoti, Wakamfuta Kwenye Orodha

Admin, nifiche jina. Nikijulikana hapa Walukuba watasema natukana wakubwa, na kweli leo nitawatukana.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, nauza vitambaa sokoni Jinja. Mume wangu ni askari magereza, kazi yake iko Mbale, nyumbani huja mara moja kwa mwezi. Tuna binti mmoja wa miaka tisa, nitamwita Zamu. Zamu ana usonji. Maneno yake yanahesabika, na kelele zikimzidi hujing'ata mkono mpaka damu itoke. Kinachomtesa kuliko vyote ni mashine ya kusaga mahindi. Tukienda popote, mimi huzunguka njia ndefu ili tusiipite.

Miaka yote niliambiwa nimemdekeza. Mama yangu mzazi, anayekaa Bugembe, alikuwa akinisema mbele ya wageni: "Mtoto wa kike mkubwa hivi hajui kupiga magoti? Wewe unalea nini?" Wasoga wenzangu mnajua uzito wa maneno hayo. Kwetu msichana akisalimia wakubwa amesimama, anayetukanwa ni mama yake.

Mwaka jana baraza la kwetu, sitalitaja, likaanza kuwalipia watoto wachache wa shule mwalimu wa tiba ya tabia. Zamu akapata nafasi. Mwalimu mwenyewe ni dada mpole wa kutoka Mbale. Huchukua jambo moja, akalikata vipande vidogo, na mtoto akikiweza kipande anapewa karanga moja. Siku ya kwanza aliniambia, "Mama, tufundishe yeye kwanza kuonyesha wapi inauma. Aguse tu mahali."

Nikakataa. Nikasema aanze na magoti. Nilijipalia makaa mwenyewe, na hilo ndilo ninaloliungama leo.

Ilichukua miezi saba. Goti moja, karanga. Goti la pili, karanga. Macho chini, mikono mapajani, halafu "Kodheyo," salamu yetu, kwa sauti ndogo kama ya kifaranga. Siku aliyompigia bibi yake magoti, mama alilia, na mimi nilitembea Bugembe kichwa juu. Ndipo nikamruhusu mwalimu aanze lile la maumivu. Hawajamaliza hata mwezi, tukaitwa mbele ya kamati ya baraza ili ichague nani aendelee kulipiwa.

Nilimvalisha Zamu gauni la Idi, nikampitisha ile njia ndefu. Tulipoingia, kulikuwa na wanaume wanne na mama mmoja mezani. Zamu aliwaona, akapiga magoti palepale mlangoni. "Kodheyo." Chumba kizima kikacheka kwa furaha. Mwenyekiti akasema, "Huyu iko na adabu kushinda watoto yangu. Ugonjwa iko wapi?"

Nikasema, "Bwana mwenyekiti, hiyo ni kazi ya mwalimu. Ukimuuliza jina hawezi kujibu. Akiumwa hawezi kusema."

"Mama, mtoto mgonjwa hawezi piga magoti namna hii. Wacha nafasi iende kwa wale wanaumia kweli."

Hakuna aliyemuuliza jina. Hakuna aliyesoma ripoti ya mwalimu, ilikuwa mezani na chupa ya soda juu yake. Walimtazama kwa dakika tano, wakamfuta. Yaani dawa imeanza kufanya kazi, basi mgonjwa anyang'anywe dawa. Watu wazima, wenye tai, wanawaza hivyo. Nimekasirika mpaka sokoni wateja wananikwepa.

Nilipotoka, karani wa ofisi, jirani yetu anayeijua hofu ya Zamu, akanifuata kwenye ngazi. "Mama, iko nafasi ya kuomba tena, Jumatano. Lakini usimpange vizuri. Pitisha yeye kwa mashine ya kusaga, hapa nyuma tu. Akiingia na hali ile, watasaini haraka." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuonyesha mlango wa pembeni.

Nilimpigia simu mume wangu nikitarajia awake moto. Akasema, "Sikia mimi. Pitisha yeye. Atalia siku moja, atapata mwalimu mwaka mzima. Mimi jeraha ya mkono naweza funga. Ile ya kukosa mwalimu siwezi." Nilimkatia simu. Baadaye nilikaa nikaona hesabu yake si ya kijinga, na hapo ndipo hasira ilinipanda zaidi.

Mwalimu naye alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama, ukienda naye pale kwa mashine, yeye atajua ni wewe umempeleka. Mimi siwezi kukuambia ufanye, siwezi kukuambia usifanye." Halipwi tena kuja, lakini alikuja Jumapili, akakaa na Zamu saa moja.

Msiniambie niende kwa wakubwa zaidi, nimekwenda, nimeambiwa nisubiri Jumatano. Msiniambie hasira hasara. Hasara nimeshaipata.

Leo asubuhi Zamu alikuja jikoni akapiga magoti. Nikampa karanga yake. Hakuila. Akapiga magoti tena, akanyoosha mkono, nikampa nyingine, akaiweka chini. Mara ya tatu nikamshika uso, ulikuwa wa moto, shavu moja limevimba. Nikamuuliza, "Inauma wapi, mwanangu?" Akapiga magoti mara ya nne, maana ndicho kitu pekee nilichomfundisha kuomba nacho.

Jumatano haiko mbali, na mashine inasaga tangu asubuhi. Ninyi mlio wazazi, nishaurini: nimpitishe pale, au nisimpitishe?